Nani Ameondoka Mezani?

Mwaka 1628 Pieter Claesz, mchoraji wa mji wa Haarlem nchini Uholanzi, alichukua ubao wenye upana wa sentimita 36 hivi akachora fuvu la mtu. Fuvu lenyewe ni kuukuu, meno yamepukutika, limewekwa juu ya kitabu kilichochakaa. Kando yake pana kalamu ya unyoya, bilauri iliyolala ubavu, na taa ya mafuta ambayo utambi wake ndio kwanza unafifia. Rangi ni kahawia na kijivu, basi.

Watu wengi macho yao hukimbilia fuvu. Mimi humshauri mtazamaji aanze na bilauri. Bilauri haijiangushi. Taa inayofifia sasa hivi ilikuwa ikimmulikia mtu, na kalamu ilikuwa mkononi mwake. Fuvu linatangaza kifo kwa jumla, kifo cha binadamu yeyote. Ni vitu vile vidogo vinavyotuambia kwamba palikuwa na mtu hapa, alikuwa na kazi yake, nayo haikuisha.

Michoro ya namna hii huitwa vanitas, jina lililotokana na Kitabu cha Mhubiri katika Biblia ya Kilatini. Ile inayohesabiwa kuwa ya kwanza kusimama peke yake ilichorwa na Jacques de Gheyn mwaka 1603: fuvu kwenye shubaka la jiwe, na juu yake povu kubwa la sabuni linaloelea. Wachoraji waliomfuata walitumia alama zilizokuwa zikieleweka na wengi. Saa ni muda unaokwisha, ua lililokatwa ni ujana, sarafu na vito ni mali isiyozikwa na mwenyewe, vitabu ni elimu ambayo nayo haimwokoi mtu.

Mji uliozama zaidi katika fikra hizi ni Leiden. Ulikuwa na chuo kikuu tangu 1575, na chuo hicho kilikuwa na ukumbi wa kupasulia maiti ambamo mifupa ya watu ilisimamishwa ikiwa na vibendera vya maneno ya Kilatini yanayokumbusha kifo. Mwaka 1635 tauni iliua maelfu ya wakazi wa mji. Waumini wa madhehebu ya Calvin walikuwa wameziondoa picha za watakatifu makanisani, kwa hiyo wachoraji waliwauzia wenye nyumba. Mahubiri yakahamia ukutani, sebuleni.

Huko Leiden ndiko alikoishi David Bailly, na kwangu yeye ndiye aliyefika mbali kuliko wote. Picha yake ya mwaka 1651, iliyoko Makumbusho ya De Lakenhal mjini humo, inamwonyesha kijana ameketi kando ya meza iliyojaa fuvu, sarafu, maua na mshumaa uliozimika, huku mapovu yakipita hewani. Mkononi kijana ameshika picha ndogo ya mzee. Mtazamaji hudhani mzee huyo ni baba au mwalimu. La! Wote wawili ni Bailly. Alipochora picha hii alikuwa na umri wa miaka 67, na sura yake ya kweli ni ile ya mzee. Kijana anayeonekana hai mbele yetu ndiye aliyekwisha kupita. Sijui mchoro mwingine wa karne ile uliomweleza binadamu kuzeeka kwake kwa ukali na upole kwa pamoja namna hii.

Mpwa na mwanafunzi wake, Harmen Steenwijck, alichora vanitas nyingine mashuhuri mnamo 1640, nayo sasa iko National Gallery, London. Mwanga unashuka kwa mshazari hadi kwenye fuvu. Mbele yake kuna upanga wa Kijapani na kombe kubwa la baharini, bidhaa zilizoletwa na merikebu za biashara ya Mashariki na kugombewa na matajiri. Picha inamwonya tajiri asiipende mali, lakini mchoraji ameuchora upanga ule kwa mapenzi makubwa, na picha yenyewe ilikuwa bidhaa ya kununuliwa. Wapo wanaouona huo kuwa unafiki. Mimi naona ndipo nguvu ya picha ilipo, maana onyo kuhusu kitu usichokitamani halikugusi.

Je, kila kitu kwenye michoro hii ni alama? Hapo wataalamu wamevutana. Eddy de Jongh, Mholanzi, alifundisha kizazi kizima kutafuta fumbo chini ya kila kitu kilichochorwa. Svetlana Alpers alimpinga katika kitabu chake cha mwaka 1983, akisema Waholanzi walichora kwanza kwa sababu walipenda kuutazama ulimwengu na kuueleza kama ulivyo. Chukua limau lililomenywa nusu, ganda likining'inia ukingoni mwa meza. Wapo wanaosema ni uzuri wa nje unaoficha ukali. Lakini limau lililiwa pamoja na chaza, tena kulichora lile ganda kulikuwa mtihani wa ufundi. Likiwa kando ya fuvu nitalisoma kama onyo. Kwenye meza ya chakula nitaliacha liwe limau.

Mwenye hamu ya kujipima hahitaji nauli ya ndege. Rijksmuseum ya Amsterdam imeweka michoro yake mtandaoni bure, unaweza kuikuza mpaka uone nyufa za rangi. Tafuta meza ya Claesz ya mwaka 1627 yenye pai ya bata mzinga. Haina fuvu. Mna pilipili manga iliyofungwa kwenye kikaratasi, kama karanga za barabarani, na karatasi hiyo ni ukurasa uliochanwa kwenye kalenda. Itazame kwa utulivu, kisha uamue mwenyewe kama hiyo ni pilipili tu.