Jiko la Umeme Nyumbani: Lifungwe Namna Gani?

Nyumba nyingi za Sironga, na za sehemu nyingine za Nyamira na Kisii, sasa zina umeme, hasa tangu mwaka 2015 serikali ilipoanza mpango wa kufikisha nyaya vijijini. Kwanza watu walitaka taa tu, kisha redio na kutia simu moto. Sasa wako wanaotaka kupikia stima. Ni jambo jema, kwa maana moshi wa kuni huumiza macho na vifua vya mama na watoto. Lakini jiko si taa, na nyaya zilizowekwa kwa ajili ya taa haziwezi kulichukua.

Hesabu yake si ngumu. Umeme wa majumbani nchini Kenya ni wa volti 240. Zitazame wati zilizoandikwa kwenye kibao cha jiko, uzigawanye kwa 240, nawe utapata ampea. Jiko dogo la sahani mbili lenye wati 2,000 huvuta ampea zisizofika 9. Hilo laweza kutiwa katika soketi ya ukutani ya ampea 13, mradi liwe peke yake. Jiko kubwa la sahani nne pamoja na tanuri, lenye wati 7,200, huvuta ampea 30 yote yakiwashwa. Mtu akilitia kwa plagi, fyuzi itakatika. Na kwa kuwa njaa haingoji, wengine hupachika msumari mahali pa fyuzi. Hapo ndipo hatari ianzapo. Fyuzi ile haikukatika kwa ubovu, bali ilifanya kazi yake. Ikiisha ondolewa, waya ulio ukutani au darini ndio upatao moto, ngozi yake huyeyuka, na mbao za paa huweza kuwaka.

Basi jiko kubwa lapasa kuwa na njia yake lenyewe kutoka kisanduku kikuu: waya wa shaba wa milimita za mraba 6, au 10 ikiwa mwendo ni mrefu, na kikata umeme cha ampea 32. Swichi yake iwe kando ya jiko, isiwe juu ya sahani, ili mpishi aizime bila kupitisha mkono juu ya mafuta yanayowaka. Nyumba nyingi za kwetu zina jikoni ya peke yake uani. Waya uendao huko usitundikwe juu ya miti wala kulazwa juu ya mabati. Upite ardhini ndani ya bomba.

Lisahauliwalo zaidi ni waya wa ardhi, ule wa rangi ya kijani na manjano. Waya wenye umeme ukilegea na kugusa bati la jiko, waya wa ardhi huupa umeme njia ya kwenda mchangani, na kikata umeme huzima mara moja. Usipokuwapo, jiko laonekana zima, hata atakapolishika mtu aliyesimama pekupeku juu ya sakafu yenye maji. Fundi achimbie fimbo ya shaba chini sana penye udongo wa unyevu, kisha aipime kwa chombo; kuitazama kwa macho hakutoshi. Tena aweke kile kikata umeme kinachozima mara umeme unapovuja kwa milampea 30, kwani hicho ndicho kinachookoa mtu.

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EPRA. Mwenye nyumba asione haya kuomba kuiona. Kwanza Kenya Power waulizwe kama waya wa kutoka mlingotini watosha. Kabla ya kugusa chochote, swichi kuu izimwe. Tokeni kwisha si sawa na kuzima swichi, kwa kuwa mtoto aweza kuingiza nyingine wakati fundi yumo darini.

Tena kuna radi, ambayo wenyeji wa milima hii waijua kuliko wengi. Hakuna kikata umeme cha nyumbani kinachoweza kuizuia. Mawingu yanapokusanyika alasiri, jiko lizimwe ukutani, na chakula kingoje mpaka ngurumo zipite.