Ukuta wa Nyumba Yako Unakunywa Maji Kutoka Wapi?



Mvua ya masika ikiisha, pita polepole kando ya nyumba nyingi hapa Ahero uangalie ukuta kuanzia chini. Utaona alama ya maji imepanda hadi magotini, pengine hadi kiunoni. Rangi imebambuka, plasta ukiigonga inatoa sauti ya kitu kitupu, na unga mweupe umetokea kama chumvi. Mwenye nyumba anaita fundi. Fundi anabandua plasta, anapiga nyingine ya simiti, anapaka rangi, analipwa, anaenda zake. Masika ya mwaka ujao alama ni ileile. Pesa ya karo imeingia ukutani mara mbili, na ukuta bado unalia.

Plasta ni kama shati. Mwenye homa haponi kwa kubadilishiwa shati. Kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa simiti, jiulize kwanza: haya maji yanatoka wapi?

KWA NINI SISI HUKU KANO TUNASUMBULIWA SANA

Uwanda wa Kano ni tambarare. Mto Nyando unashuka kutoka nchi ya juu, upande wa Nandi na Kericho, unapita kwetu kuelekea ziwani, na maji hayana haraka ya kuondoka. Udongo wetu mweusi ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Msingi uliowekwa juu ya udongo huo nao unapasuka, na ufa ni mlango wa maji. Ongeza mafuriko: ya El Niño ya 1997 na 1998, ya 2020 wakati ziwa lilipopanda sana, na ya 2024. Wengi wetu tulirudi nyumbani tukakuta kuta zimelowa kama sifongo.

Hili si jambo la urembo tu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevunyevu na kuvu ndani ya nyumba. Ulisema wanaoishi katika nyumba za namna hiyo hupatwa zaidi na kikohozi, kukorota kifua na pumu. Sasa angalia kitanda cha mtoto kimewekwa wapi. Si kimesukumwa kwenye ukuta uleule?

NJIA TATU ZA MAJI

1. Kutoka chini. Tofali na udongo vina matundu madogo sana. Maji ya ardhini hupanda ndani yake kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Dalili ni alama inayoanzia sakafuni, mara nyingi haipiti mita moja, pamoja na ule unga mweupe. Unga huo ni chumvi za udongo zilizoletwa na maji. Maji yamekauka, zenyewe zimebaki.

2. Kutoka nje. Bati linavuja, upenu ni mfupi, au matone yanaanguka chini na kurusha matope ukutani. Dalili ni baka lililo mahali pamoja, tena linazidi siku ya mvua.

3. Kutoka ndani. Tunapika, tunaanika nguo, tunalala watu sita chumba kimoja tukipumua usiku kucha. Mvuke huo unagusa bati lililopoa, unageuka matone, unashuka ukutani. Dalili ni madoa meusi ya kuvu kwenye pembe za juu na nyuma ya kabati.

JIPIME MWENYEWE

Chukua kipande cha nailoni upana wa futi moja. Panguza ukuta vizuri, kisha kibandike kwa gundi ya karatasi pande zote nne bila kuacha nafasi. Ngoja siku mbili. Maji yakiwa juu ya nailoni, upande wa chumba, ni mvuke wa ndani. Yakiwa nyuma yake, yanatoka ukutani. Kipimo hiki ni cha shilingi chache tu.

DAWA YA KILA NJIA

Anza na ile ya bei ndogo. Mara nyingi jembe hufanya kazi kuliko simiti.

Kwa maji ya nje: ziba matundu ya bati, weka gata, na uyaongoze maji kwenye pipa au tangi. Hapo umepata faida mbili. Ondoa udongo na majivu yaliyorundikwa kwenye ukuta. Pandisha ardhi karibu na nyumba ili maji yateremke kwenda mbali. Kila mita moja ishuke kama upana wa vidole vitatu. Chimba mtaro kuzunguka nyumba, ila usiuchimbe chini ya ukuta: uwe hatua moja au zaidi kutoka msingi, usiwe na kina kuliko msingi, na uwe na mahali pa kumwaga maji ambapo si kwa jirani.

Kwa maji ya chini: kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, ukweli ni kwamba kuyazuia kabisa ni kazi ngumu. Lakini yanaweza kupunguzwa. Fanya kwanza kazi ya mtaro. Kiangazi kikiingia, bandua plasta mbovu hadi futi moja juu ya alama ya maji. Sugua unga mweupe kwa brashi kavu. Usiuoshe kwa maji, kwani chumvi itayeyuka na kurudi ndani. Halafu acha ukuta wazi ukauke. Usiwe na haraka: ukuta mnene huchukua miezi. Ndipo upige plasta yenye chokaa: debe moja la simiti, moja la chokaa, sita za mchanga. Plasta hii inaruhusu ukuta kupumua.

Epuka kosa la kufunika ukuta uliolowa kwa simiti tupu au rangi ya mafuta. Maji hayaondoki, yanafungiwa, yanapanda juu zaidi, yanatokea mahali pengine. Kwa nyumba ya fito na udongo hatari ni kubwa zaidi. Simiti haishikani vizuri na udongo, inapasuka, maji yanaingia nyuma yake, nguzo zinaoza kimyakimya na mchwa wanakaribia. Nyumba ya udongo mkandike kwa udongo na samadi kama mama zetu walivyofanya, au kwa chokaa. Walijua walichokuwa wakifanya.

Kwa mvuke wa ndani: hewa ipite. Najua utasema, "Nikifungua dirisha mbu wataingia," na Kano malaria si mchezo. Basi weka matundu ya hewa juu ya kuta mbili zinazotazamana, uyafunike kwa wavu wa mbu. Usiku ulale ndani ya neti kama kawaida. Kabati na kitanda viache nafasi ya kiganja kutoka ukutani. Kuvu ioshe kwa maji ya sabuni ukiwa umejifunga kitambaa puani, kisha ukaushe.

BAADA YA MAFURIKO

Toa matope yote ndani kabla hayajakauka. Toa magodoro na mikeka nje juani. Fungua milango na madirisha mchana kutwa. TAFADHALI usikaushe nyumba kwa jiko la makaa huku umefunga milango. Moshi wake usioonekana wala kunuka unaua watu usingizini. Na kabla ya kurudi kulala, angalia kama ukuta umeinama au umepasuka nyufa mpya. Ukuta wa udongo uliokaa majini unaweza kuanguka hata siku kadhaa baada ya maji kuondoka.

UKIJENGA UPYA

Hapa ndipo pesa ndogo huokoa pesa nyingi. Ondoa udongo mweusi mahali pa msingi, ujaze moramu na kushindilia. Inua msingi wa mawe au bloki kupita alama ya mafuriko unayoikumbuka, ukiweza. Juu ya msingi, kabla ya tofali la kwanza la ukuta, tandaza ile karatasi nyeusi ambayo mafundi huiita DPC. Ienee upana wote wa ukuta, hata kuta za ndani. Iwe angalau sentimita 15 juu ya ardhi, na vipande vipandane sentimita 15. Sakafu nayo ilazwe juu ya nailoni nzito. Simama hapo siku hiyo uone kwa macho yako. Karatasi hii ikishafunikwa huwezi kujua kama iliwekwa au ilirukwa, mpaka masika yaje kukuambia.

Basi ndugu, wiki hii kabla ya kumwita fundi, zunguka nyumba yako mara moja mvua ikinyesha. Simama na mwavuli, tazama maji yanapoangukia na yanapoelekea. Dakika kumi za kulowa zitakuonyesha pa kuanzia.