Ulaya Wanataka Kona, Marekani Wanataka Kuona

Jumapili ya Juni 19, 2005, magari 20 ya langalanga yalijipanga katika uwanja wa Indianapolis nchini Marekani, yakatoka kwa mzunguko mmoja wa kupasha matairi moto. Mzunguko ulipokwisha, magari 14 yalikunja kuingia kwenye gereji zao na hayakutoka tena. Sita yaliyobaki ndiyo yaliyoshindana. Majukwaani watu walizomea hadi sauti zikawakauka, na wengine wakarusha chupa na makopo ya bia kwenye lami. Michael Schumacher alishinda mbio ambazo hakuna aliyezifurahia, isipokuwa labda Tiago Monteiro, Mreno aliyeshika nafasi ya tatu na kushangilia peke yake.

Chanzo kilikuwa tairi. Ijumaa iliyotangulia, gari la Ralf Schumacher, mdogo wake Michael, lilibamiza ukuta kwenye kona ya 13, pale ambapo barabara imeinuka upande na magari hupita kwa kasi kubwa mno. Kampuni ya Michelin, iliyozihudumia timu saba kati ya kumi, ikakiri kwamba matairi yake hayangeihimili kona hiyo kwa mbio nzima. Likatolewa ombi: viwekwe vizuizi vya kupunguza mwendo kabla ya kona. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, FIA, likakataa katakata. Timu tatu zilizotumia Bridgestone zilikuja na matairi yanayofaa, likasema. Kwa nini ziadhibiwe kwa kosa la wengine?

Kwa mantiki ya Ulaya, hoja hiyo ina mashiko. Mbio ni mtihani, na aliyekuja na kifaa kisichofaa amefeli. Kwa Mmarekani aliyekata tiketi na kuendesha usiku kucha akiwa na wanawe, ilikuwa dharau ya wazi: mtazamaji ndiye mwenye shughuli, naye hakuulizwa. Michelin ililazimika kuahidi kurudisha fedha za tiketi, tena ikanunua tiketi 20,000 za mashindano ya mwaka uliofuata ili zigawiwe bure.

Mvutano huo una mizizi ya zaidi ya karne moja.

Ulaya, mbio za magari zilizaliwa barabarani. Mwaka 1894 magari yalitoka Paris kwenda Rouen. Mwaka uliofuata yakaenda Bordeaux na kurudi. Kilichopimwa ni kama gari lingefika, na kampuni iliyolitengeneza ndiyo iliyovuna sifa. Mwaka 1903 mbio za Paris hadi Madrid zilileta maafa, Marcel Renault akiwa miongoni mwa waliokufa, na serikali ikazisimamisha zilipofika Bordeaux. Ndipo mashindano yakahamia kwenye barabara zilizofungwa kwa muda. Hata hivyo, Grand Prix ya kwanza, iliyofanyika karibu na Le Mans mwaka 1906, ilikuwa na mzunguko wa kilomita 103. Aliyesimama kando ya njia aliliona gari likipita kama upepo, kisha akasubiri karibu saa nzima lirudi.

Mmarekani asingekubali kulipia hilo. Kwake mbio za magari zilikulia kwenye viwanja vya farasi, katika maonyesho ya wakulima, ambako njia ni ya duara la yai na jukwaa liko palepale. Uwanja wa Indianapolis, uliofunguliwa mwaka 1909, ulichukua wazo hilo na kulikuza: njia ya kilomita nne, ikatandikwa matofali milioni 3.2 baada ya ile ya kwanza ya kokoto na lami kubomoka. Leo una viti kama robo milioni. Mbio za maili 500, yaani kama kilomita 800, zilianza hapo mwaka 1911.

Kusini mwa Marekani kuna chimbuko jingine, nalo linanuka gongo. Vijana waliosafirisha pombe haramu usiku waliyaongezea magari yao nguvu ili kuwakimbia polisi, na siku za mapumziko wakashindana wao kwa wao kujua nani mkali. Mwaka 1948 Bill France aliwakusanya madereva wa aina hiyo na wengine chini ya chama kimoja, NASCAR, chenye makao Daytona Beach. Mmoja wa nyota wake wa mwanzo, Junior Johnson, alikamatwa mwaka 1956 kwenye mtambo wa gongo wa baba yake na kufungwa miezi 11. Rais Ronald Reagan alimsamehe mwaka 1986, wakati huo Johnson akiwa shujaa wa taifa. Wakati mabwana wa Ulaya wakinywa shampeni bandarini Monaco, mchezo wa Wamarekani ulikuwa na matope miguuni.

Kutokana na asili hizo mbili, kanuni zikachukua njia tofauti. Ulaya, kila timu ya langalanga hulazimika kubuni gari lake, na tangu mwaka 1958 watengenezaji wana ubingwa wao mbali na ule wa madereva. Mhandisi akiwapiga wenzake bao, wenzake wajijue. Mwaka 1988 McLaren ilishinda mbio 15 kati ya 16. Mwaka 2023 Red Bull ikashinda 21 kati ya 22. Mashabiki walilalamika kwamba utamu umekwisha, lakini wachache walisema Red Bull ifungwe mikono.

Marekani mambo hayaachwi yafike huko. Katika mashindano ya IndyCar timu zote hutumia bodi ya kampuni moja ya Kiitaliano, Dallara, na injini ni ya Honda au Chevrolet. Ajali ikitokea, bendera ya njano hupeperushwa, magari hukusanywa nyuma ya gari la usalama, na aliyekuwa mbele kwa sekunde 15 hujikuta ana wapinzani wanaompumulia kisogoni. Matt Kenseth alipotwaa ubingwa wa NASCAR mwaka 2003 akiwa ameshinda mbio moja tu msimu mzima, viongozi waliona msimu umepoa mno. Mwaka uliofuata wakaanzisha mfumo wa mchujo mwishoni mwa msimu ili roho za watu zibaki juu hadi siku ya mwisho.

Wazungu wa Ulaya hupenda kubeza kwamba dereva wa Marekani hujua kukata kushoto tu. Wanaobeza wangepaswa kukaa nyuma ya usukani pale Indianapolis, ambako magari hupita kwa wastani wa zaidi ya kilomita 370 kwa saa siku za kuwania nafasi za kuanzia. Magari yakifuatana unyounyo, la mbele huvuruga hewa inayolikandamiza la nyuma kwenye lami. Dereva huhisi matairi yakiteleza huku ukuta wa saruji ukiwa hatua chache kuliani mwake. Fernando Alonso, bingwa wa dunia mara mbili, alilijua hilo mwaka 2019. Nafasi katika mbio za maili 500 ni 33, naye akawa wa 34. Aliyemtoa ni Kyle Kaiser wa Juncos, timu ndogo ambayo gari lake lilikuwa limepata ajali siku mbili kabla na mafundi wakakesha kuunda jingine. Hakuna aliyemwekea bingwa kiti cha heshima.

Tofauti huonekana pia nje ya njia. Shabiki wa NASCAR huvaa visikilizi masikioni na kusikiliza redio za timu, dereva anapomfokea fundi wake. Mshindi wa Indianapolis hunywa maziwa, desturi iliyoanzia kwa Louis Meyer mwaka 1936. Emerson Fittipaldi wa Brazil, aliyekuwa na mashamba ya michungwa, alithubutu kunywa kwanza maji ya machungwa mwaka 1993, na mashabiki hawakumsamehe upesi.

Afrika Mashariki iliirithi shule ya Ulaya. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, ni mbio za kale za barabarani zilizohamia kwenye vumbi: gari moja moja, dhidi ya saa, mashimo na mvua. Joginder Singh na Shekhar Mehta walipendwa kwa kufika pale ambapo timu kubwa za ng'ambo zilikwama. Mtazamaji wa Safari Rally huko Naivasha leo, sawa na yule wa Le Mans mwaka 1906, huona kishindo cha sekunde chache kisha husubiri.

Hata hivyo ukuta kati ya pande hizo unabomoka. Kampuni ya Kimarekani ya Liberty Media iliinunua langalanga mwaka 2017, filamu za Netflix kuhusu mchezo huo zikafuata mwaka 2019, kisha zikaja mbio za Miami na Las Vegas. Mwaka 2021 huko Abu Dhabi, msimamizi wa mbio aliharakisha kuliondoa gari la usalama ili mzunguko wa mwisho uwe wa kushindana. Max Verstappen, mwenye matairi mapya, akamnyang'anya Lewis Hamilton ubingwa. Wengi Ulaya walisema kanuni zimetolewa sadaka kwa ajili ya tamasha. Msimamizi huyo, Michael Masi, aliondolewa kwenye nafasi hiyo miezi michache baadaye.

Mwaka mmoja na nusu baada ya zogo hilo, NASCAR ilipeleka gari lake moja kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, likiendeshwa na Jimmie Johnson, Jenson Button na Mike Rockenfeller. Lilikuwa kubwa, zito, na lilinguruma kuliko yote. Mafundi wake walilinyanyua kwa jeki ya mkono, wakati magari mengine yakijiinua kwa jeki za hewa zilizofungwa ndani yake, na bado wakashinda shindano la kubadilisha matairi katika kundi lao. Gari lilimaliza la 39. Wafaransa walilishangilia usiku kucha.