Je, Wajua? Mmea wa dimbwi unaovuta hewa usiku

Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika Kaze, penye Tabora ya leo, Novemba 1857, mvua za Unyamwezi zikikaribia. Wapagazi walizijua mbuga zake: masika tope, kiangazi udongo uliopasuka.

Katika madimbwi ya msimu ya Afrika, yanayojaa na kukauka kama mbuga hizo, huota Isoetes, mmea ambao mpita njia huudhania majani tu. Hauna ua wala mbegu. Huzaliana kwa spora zilizojificha vitakoni mwa majani. Jamaa zake wa miaka milioni 300 iliyopita walikuwa miti ya zaidi ya meta 30, iliyochangia makaa ya mawe tunayochimba leo! Mchana kabonidayoksaidi hupungua dimbwini, kwa hiyo spishi nyingi huifyonza usiku na kuiweka kama asidi hadi jua litoke.

Kuupanda nyumbani, beseni latosha: mchanga usio na samadi, maji machache, jua la kutosha. Mbolea hustawisha mwani, nao huufunika. Kiangazi acha maji yapungue. Majani yakifa usiung'oe, tunguu li hai udongoni. Perege usiwaweke humo, kwani huchimba viota na kuufukua.