Mnada Usio na Sauti: Kwa Nini Wengi Hutazama Bidhaa za Mnada wa Intaneti Wasizinunue

Makala hii yahusu jambo ambalo wauzaji wa siku hizi hulalamikia sana. Mtu akiweka kitu chake katika mnada wa intaneti, huona katika skrini idadi ya watu waliokiwekea alama ili wapate habari zake. Idadi hiyo hupanda ikawa 10, kisha ikawa 40. Lakini saa ya kufunga mnada ifikapo, aliyetaja bei ni mmoja tu, au hakuna kabisa. Muuzaji hubaki akijiuliza: hao 40 walikuwa wakitaka nini? Nia yangu ni kulijibu swali hilo, na kulijibu kwa njia ya maneno. Kwani naona kwamba sehemu kubwa ya utata huu imo katika lugha. Tumelichukua neno mnada tukalipeleka mahali ambapo kiini cha maana yake hakipo tena, na mambo matatu yaliyo mbalimbali tumeyapa jina moja la kutazama.

I. Mnada ni sauti

Neno mnada latokana na kitenzi nadi, nacho asili yake ni Kiarabu nādā, yaani kuita kwa sauti. Ndiyo maana mwadhini naye huitwa mnadi sala, ingawa hauzi kitu. Mnadi wa bidhaa na mnadi wa sala wanashirikiana katika jambo moja: kazi yao ni kupaza sauti mbele ya watu. Mwenzake mnadi ni dalali, na jina lake latoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuonyesha au kuongoza. Mzizi huo huo ndio uliotupa neno dalili. Neno la tatu ni zabuni. Siku hizi hutumika zaidi kwa maombi ya kazi za serikali na makampuni, lakini kuzabuni kwa maana yake ya zamani ni kutaja bei mnadani.

Maneno haya yote yamejengwa juu ya kinywa na sikio. Katika mnada wa ng'ombe, kama ule wa Weruweru, aliyefumba kinywa hahesabiwi. Anaweza kusimama tangu asubuhi, akamtazama fahali meno na kwato, akasikia bei zote zilizotajwa, akarudi nyumbani mikono mitupu. Wala hapana atakayemwuliza kwa nini alikuja. Macho hayana pazia, wasema wahenga. Kutazama si ahadi, na kwa kuwa si ahadi, lugha ya mnada haikuona haja ya kumpa mtazamaji jina.

II. Watazamaji wa zamani

Isidhaniwe, basi, kwamba kutazama bila kununua kumeletwa na mashine. Mji wa Moshi wajulikana kwa mnada wake wa kahawa, ambao kwa miaka mingi umesimamiwa na Bodi ya Kahawa. Wakulima wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao tangu 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU. Kwa hiyo habari za madaraja na bei za kahawa si ngeni kwa wenyeji. Katika mnada huo wanunuzi hupata sampuli kabla ya siku ya kuuza. Huzikaanga, huzisaga, huzionja, kisha huamua ni mafungu yapi watakayotajia bei. Mafungu mengi huonjwa na mtu ambaye hatayanunua. Hata hivyo hapana amwitaye mwonjaji huyo mdanganyifu, maana yajulikana kwamba bila ya kuonja mengi hawezi kulitambua lililo bora.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Huko milimani, kihamba ni ardhi ya ukoo. Babu amezikwa humo, na migomba imerithiwa pamoja na makaburi. Kihamba cha mdaiwa kikiletwa mnadani, majirani hukusanyika, lakini aghalabu hawatamki neno. Si kwamba hawakitaki, wala si kwamba wote hawana fedha. Anayetaja bei mbele ya watu ajua kwamba kesho atapita njia ile ile, atakutana na wenye kihamba kanisani, msikitini na msibani. Hapo kunyamaza ni heshima, na pengine ni hofu. Mtazamaji wa namna hii ana haja ya kweli na kitu kinachouzwa, ila haja hiyo haiwezi kugeuka kuwa bei.

III. Jicho lililopewa hesabu

Mnada wa intaneti uliojulikana kuliko yote ulianzishwa Marekani na Pierre Omidyar mwezi wa Septemba 1995, ukiitwa AuctionWeb. Mwaka 1997 ukachukua jina la eBay. Afrika Mashariki nayo imeingia katika biashara ya namna hii. Mamlaka ya Mapato Tanzania hunadi kwa mtandao bidhaa zilizokwama forodhani, na watu wengi hutafuta magari yaliyotumika huko Japani kwa kutumia simu tu. Magari mengi ya Japani yauzwayo nje hupatikana katika minada ya huko, kisha huwekwa mtandaoni na makampuni ya kuuza nje. Kwa hakika, mara nyingi gari lionwalo mtandaoni na mtu wa Moshi lina bei iliyokwisha kutajwa, ambayo yaweza kujadiliwa. Lakini kitendo cha kuliwekea alama na kulirudia siku baada ya siku ni kile kile.

Katika minada hii sauti imekwisha ondoka. Hapana mnadi apigaye kelele, wala jirani atazamaye uso wa jirani. Kilichobaki ni jicho. Na jicho ambalo zamani halikuhesabiwa, sasa lahesabiwa na kuandikwa. Hapo ndipo kosa la muuzaji linapoanzia. Aonapo tarakimu, huidhani dalili ya bei, kama kwamba watu 40 wamekwisha fungua vinywa vyao. Kumbe waliofanya hivyo ni mmoja tu; waliobaki ni wale wale waliokuwa wakisimama kando ya zizi tangu zamani, ila sasa wamepewa hesabu.

IV. Sababu za kutazama

Sababu ya kwanza ni kujifunza bei. Mwenye haja na kitu asichokijua thamani yake hufuata vitu vitano au kumi vya namna moja, aone vitauzwa kwa kiasi gani. Anayefanya hivyo ana busara, kwani hatari ya mnada ni kushinda kwa kukosea. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta, Capen, Clapp na Campbell, walieleza kwamba katika zabuni za visima vya mafuta, mshindi aghalabu ni yule aliyekadiria thamani kupita wenzake wote; jambo hilo likaja kuitwa laana ya mshindi. Atazamaye kumi ili anunue kimoja anajikinga na laana hiyo. Vile tisa alivyoviacha navyo vimemfaa, ingawa wenye navyo hawakupata kitu kwake.

Sababu ya pili ni kuficha nia. Katika eBay mnada hufungwa saa iliyotangazwa. Mnunuzi huandika bei yake ya mwisho, na mashine humpandishia kidogo kidogo kadiri wengine wanavyotaja zao. Kwa nadharia aliyoieleza William Vickrey mwaka 1961, mshindi akilipa bei ya yule wa pili, hana sababu ya kuficha kiasi anachokithamini kitu. Lakini watu hawakufuata nadharia hiyo. Alvin Roth na Axel Ockenfels, katika utafiti wao wa 2002, waliulinganisha mnada wa eBay na ule ambao kampuni ya Amazon ilikuwa nao wakati huo. Amazon iliurefusha mnada kwa dakika 10 kila bei mpya ilipotajwa mwishoni. Waligundua kwamba bei za dakika za mwisho zilikuwa nyingi zaidi katika eBay; tena katika eBay yenyewe zilizidi kwa vitu vya kale kuliko kwa kompyuta. Sababu yafahamika: bei ya kompyuta yajulikana na wengi, bali kitu cha kale chahitaji mjuzi, na mjuzi akitangulia kutaja bei huwafundisha wasiojua kwamba kitu hicho kina thamani. Kutangulia si kufika. Kwa hiyo mjuzi huweka alama, hunyamaza, hungoja.

Sababu ya tatu ni kwamba fedha haijafika. Tuchukue Chekereni, kijiji cha tambarare chini ya mji wa Moshi, penye mashamba ya mpunga ya mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliokamilishwa mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Mkulima wa huko hana mshahara wa kila mwezi. Fedha yake hufuata maji na mavuno. Akitafuta pawatila, yaani trekta dogo la kushikwa kwa mikono, au gari la kubebea magunia, hulitafuta mpunga ukiwa bado u kijani. Macho yake yametangulia, shilingi zitafuata baada ya miezi. Pengine mavuno yakiwa haba hazitafuata kamwe, lakini alipoweka alama hakuwa akicheza.

Sababu ya nne ni kwamba bei ionekanayo si bei ilipwayo. Gari la Japani lina nauli ya meli, na likifika Dar es Salaam lina ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, Kodi ya Ongezeko la Thamani, na ada ya uchakavu kwa lililozeeka. Mtu huliwekea alama gari, akaenda kupiga hesabu. Hesabu ikisha kukamilika hulirudia gari lile kwa macho tu.

Sababu ya tano ni raha ya kutumaini. Aliyeweka kitu katika orodha yake hujiona kama anacho kidogo. Hakikumgharimu kitu, tena hajakikosa. Akitaja bei, mambo mawili hayana budi: ama apate na kulipa, ama ashindwe na mwingine. Maadam anatazama tu, yote mawili yameahirishwa. Wapo wanaofuata vitu kwa sababu hii pekee, na haifai kuwacheka. Nani asiyewahi kupita mbele ya duka kwa njia ya mzunguko?

V. Shida ya jina

Sasa turudi katika lugha. Anayetafsiri kitufe cha kuwekea alama huweza kukimbilia neno tazama, naye aliyekibonyeza akawa mtazamaji. Neno hili lafaa kwa mtu wa sababu ya tano, lakini kwa wengine ni pana mno. Napendekeza tutofautishe majina matatu, nayo yote tunayo tayari.

Mtazamaji abaki kuwa yule aangaliaye kwa raha au kwa kupita. Mfuatiliaji awe yule ajifunzaye bei, apigaye hesabu ya gharama, au angojaye fedha. Huyu ana nia, ila nia yake imefungwa na sharti. Mviziaji awe yule mjuzi aliyenyamaza kwa makusudi akingoja dakika ya mwisho. Nilifikiri pia juu ya kuotea, ambalo laweza kuwa na maana ya kuvizia. Lakini mpira wa miguu umekwisha lichukua kwa maana yake, na kulirudisha mnadani kungewapoteza wasomaji. Kuvizia kuna harufu ya wizi, ni kweli. Hata hivyo mwindaji naye huvizia, wala hapana amlaumuye. Kitufe chenyewe kiandikwe fuatilia, maana ndilo neno la katikati: halimwahidi muuzaji kwamba atauza, wala halimgeuzi mnunuzi kuwa mpita njia.

Huenda ikadhaniwa kwamba haya ni mabishano ya watunga kamusi tu. Sivyo. Tuseme mkulima aliyebanwa na deni anauza pawatila lake mtandaoni, na mtu mmoja amtajia bei ya haki. Akisoma kwamba watazamaji ni 40, akadhani kwamba wote ni wanunuzi wanaosubiri zamu, ataikataa bei hiyo, na aliyeitaja atakwenda kwingine. Wiki ya pili deni limeongezeka, na wale 40 bado wanatazama. Angalielezwa kwamba hao ni wafuatiliaji, angaliuliza swali lifaalo zaidi: ni nini kinachowazuia? Kwa anayejifunza bei, angeandika wazi umri wa mashine na hali yake. Kwa angojaye mavuno, angekubali malipo ya mafungu, au kama deni lampa nafasi, angeuza baada ya msimu. Kwa mviziaji, hana la kufanya ila kuvumilia hadi saa ya mwisho. Na kwa mtazamaji wa raha, angemwacha na raha yake.

Mnada uliposikika kwa sauti, lugha yetu ilikuwa na maneno ya kutosha, kwa sababu aliyetaka kununua alilazimika kusema. Sasa minada mingi imenyamaza, na kazi ya kuwatenga wanunuzi na wapita njia, ambayo zamani ilifanywa na vinywa vyao wenyewe, imeachiwa istilahi. Wanaotunga istilahi hizo hawana budi kukumbuka kwamba zitasomwa na mtu mwenye deni.