Kuamua na Kupatanisha

Sisi waalimu, pamoja na wachungaji wetu, huitwa mara nyingi tuingie kati ya watu waliogombana: leo ni mpaka wa shamba, kesho ni mume na mke, keshokutwa ni watu wawili waliochanga fedha kununua mpunga wa Mbarali, wakakosana juu ya faida. Katika Nyanda za Juu Kusini, tangu Iringa hata Mbeya, kazi hiyo hatuwezi kuikwepa. Lakini wengi wetu twaifanya pasipo kupambanua maneno mawili ambayo lugha yenyewe imekwisha kuyapambanua, ndiyo kuamua na kupatanisha.

Kuamua, kwa maana yake moja ya kale, ni kuwatenga watu wapiganao: huyu huku, yule kule. Kutoka hapo neno likapata maana ya kukata shauri. Basi mwamuzi huwaacha watu wametengana, ijapokuwa amesema haki. Kupatana ni neno jingine kabisa. Limetoka katika kupata, likatiwa kiungo cha kutendana: huyu ampata yule, na yule ampata huyu. Mpatanishi hawapi kitu kutoka mfukoni mwake. Awasaidia tu wapatane wao kwa wao. Suluhu nayo, neno tulilopokea kutoka Kiarabu, ni amani baada ya ugomvi, wala si ushindi wa mmoja.

Tofauti hiyo tuliijua kwa kukosa. Katika kijiji kimoja cha Iringa tuliitwa na ndugu wawili waliogombania mpaka. Tukapima kwa kamba, tukauliza majirani wawili, tukatoa neno siku ile ile, tukarudi nyumbani tumejiridhisha. Kipimo chetu hakikuwa na kosa. Hata hivyo mwaka haukwisha, mmoja akafiwa na mtoto, na mwenziwe hakuja kuzika. Ndipo mzee mmoja wa ukoo akawaketisha, akawaacha waseme kutwa mbili. Ikaonekana kwamba jambo lililouma halikuwa ardhi. Mdogo hakupelekewa habari mama yao alipougua, akafika kaburi limekwisha kufukiwa. Mkubwa alipokiri hayo na kuomba radhi, mpaka wakauweka wenyewe kwa saa moja, wala haukuwa mbali na ule tulioupima sisi.

Wazee wa nchi hii waliyajua hayo kabla yetu. Monica Wilson, katika kitabu chake cha 1957 juu ya ibada za ujamaa za Wanyakyusa, aeleza jinsi walivyoamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni huleta maradhi kwa jamaa, nayo haina budi isemwe waziwazi ndipo watu wapatane. Si lazima tukubali habari ya maradhi ili tujifunze habari ya kusema. Tena tutazame Wahehe na Wangoni. Walipigana vita vikali karibu na mwaka wa 1880, lakini wajukuu wao leo ni watani. Mtani aweza kumwambia mwenziwe usoni, kwa kucheka, neno ambalo likisemwa na mwingine lingeleta ugomvi mpya.

Sheria za nchi nazo zafuata njia hiyo. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliagiza kwamba, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, ombi la talaka lisipelekwe mahakamani kabla baraza la usuluhishi halijathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha; na Waziri alipewa uwezo wa kuikubali kamati ya jumuiya iwe baraza la watu wake. Katika mashauri ya ardhi, baraza la kijiji liliwekewa watu saba, watatu wao wanawake. Baraza la kata lilikuwa na uwezo wa kuamua shauri la ardhi lisilozidi thamani ya shilingi 3,000,000. Lakini mwaka wa 2021 Bunge liliondoa uwezo huo, likaliachia kazi ya kupatanisha, kwa muda wa siku 30. Na kwa wafanya kazi na waajiri iliundwa, kwa sheria ya 2004, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Jina lake lina maneno yetu yote mawili, na kwa utaratibu wake: kwanza suluhu, uamuzi baadaye.

Basi tuitwapo, tufanyeje? Kwanza, tuulize kama pande zote mbili zatutaka. Asiyetutaka hatasema la moyoni. Pili, kila mmoja aseme hata amalize, na mwenziwe ayarudie aliyoyasikia kabla ya kujibu. Tatu, tusiwe na haraka ya kupima kamba. Tuulize ugomvi ulianza lini, kwa maana mara nyingi ulianza kabla ya jambo linalotajwa. Nne, maneno ya mapatano yatoke vinywani mwao, yaandikwe kwa lugha waifahamuyo, wayatie sahihi mbele ya mashahidi.

Lakini kuna mlango ambao hatuna ruhusa kuufunga. Mke aliyepigwa, mtoto aliyenajisiwa, mtu aliyejeruhiwa, hao hawahitaji kwanza suluhu yetu. Wahitaji ulinzi, na tabibu, na polisi. Kumwambia aliyeumizwa apatane na amwogopaye ni kumtia tena mikononi mwake. Huko si kupatanisha, ni kuficha.

Wahenga walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kikapu ukavune. Wengi hulichukua neno hilo kuwa onyo kwa mgeni asijitie katika ugomvi wa ndugu. Sisi tuliojitia kwa kamba yetu twaona lina maana zaidi: mavuno ya mapatano ni yao waliogombana. Mpatanishi na ashike jembe lake, angoje.