Faili Likishatumwa Halirudi

Siku hizi karibu kila kikundi kina mtoto wa kijiji aliye chuoni. Kikundi kilimchangia karo, kikamnunulia godoro, na pengine kikamtafutia simu pia, kwa sababu masomo mengi yanapitia huko. Mwalimu anatuma notisi kwa simu. Wanafunzi wanapeana maandishi ya darasani, vitabu, nyimbo na picha. Sisi tunalipa, lakini wengi wetu hatuelewi mtoto anapeana nini na anaweza kupoteza nini. Hebu tuliangalie jambo hili polepole.

FAILI NI KITU GANI?

Kitu chochote kinachowekwa ndani ya simu au kompyuta huitwa faili: picha, wimbo, barua, sauti iliyorekodiwa. Ukimwazima jirani jembe, wewe huna jembe mpaka alirudishe. Ukimtumia faili, lako linabaki na yeye anapata lingine sawasawa na lako. Akiwatumia watu kumi, sasa kuna mafaili kumi na mawili. Hakuna aliyepungukiwa, ndiyo maana kutuma kunaonekana ni jambo dogo. Lakini huwezi kwenda nyumba kwa nyumba kuyakusanya tena. Maji yakimwagika hayazoleki.

MAMBO HAYA YALIANZA VYUONI

Mwaka 1999 kijana wa Marekani, Shawn Fanning, aliyekuwa mwanafunzi katika chuo kikuu kimoja cha Boston, alitengeneza programu iitwayo Napster. Kila aliyeitumia alifungua kompyuta yake ili wengine wachukue nyimbo zilizomo, naye achukue zao. Wanafunzi waliipenda mno, hata mitandao ya vyuo ikajaa nyimbo na kazi ya masomo ikawa polepole. Kampuni za muziki zilienda mahakamani, na Napster ikafungwa mwaka 2001.

Wanafunzi wakahamia programu nyingine, wakidhani wamejificha. Kumbe kila kompyuta iliyo kwenye mtandao ina namba yake, kama nyumba ilivyo na namba ya ploti. Mwaka 2003 kampuni hizo ziliwashtaki wanafunzi wanne wa vyuo. Kesi zilimalizwa kwa mapatano, kila mmoja akalipa kati ya dola 12,000 na 17,500.

Mwaka huo huo, katika chuo cha Harvard, mwanafunzi Mark Zuckerberg alichukua picha za wenzake kutoka kompyuta za mabweni bila ruhusa. Akaziweka mbili mbili ili watu wachague nani anapendeza zaidi. Wenye picha walikasirika, na chuo kikamwita mbele ya kamati ya nidhamu. Mwaka uliofuata, 2004, alianzisha Facebook.

Katika visa hivi viwili kosa lilikuwa moja: kitu cha mtu kilichukuliwa na kusambazwa bila mwenyewe kuulizwa.

NA VYUO VYETU JE?

Kugawana si kubaya. Mtoto asiye na pesa ya kitabu anasaidika mwenzake akimtumia maandishi yake ya darasani. Huo ni ujirani mwema. Shida inaingia pale ambapo kinachotumwa si mali ya anayetuma.

Tuseme darasa lina grupu la WhatsApp. Kiongozi wa darasa anaomba picha za vitambulisho ili apeleke majina ofisini. Wote wanaziweka humo humo. Sasa namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu ya kila mmoja ziko kwenye simu za darasa zima. Tapeli akipata simu moja tu, amepata kila anachohitaji ili ajifanye ni mtoto wako na kuomba pesa.

Pengine msichana anamtumia rafiki yake picha ya faragha kwa sababu anamwamini. Wanakosana, na picha inaingia grupuni. Wapo wanaodaiwa pesa ili picha zisitolewe. Mtoto anaona haya, hatoki chumbani, na mwisho anaacha masomo. Kijijini tunaambiwa tu kwamba "amerudi nyumbani."

Wengine husema, "Lakini WhatsApp ni siri." Ni kweli ujumbe umefungwa njiani kama barua ndani ya bahasha. Lakini aliyeandikiwa akishafungua bahasha, anaweza kumwonyesha barua yeyote. Hata ukifuta, huwezi kufuta alichokwisha kuhifadhi.

SHERIA INASEMAJE?

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 inasema anayesambaza picha ya faragha ya mtu anaweza kutozwa faini hadi shilingi 200,000, au kufungwa hadi miaka miwili, au yote mawili. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inalinda habari za mtu, na kwa habari za mtoto mdogo mzazi ndiye hutoa idhini. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Tuanze na sisi wenyewe. Tunapompa mtoto hundi ya karo na kumpiga picha, tumuulize yeye na mzazi wake kabla ya kuisambaza.

2. Picha za vitambulisho na barua za chuo zisiwekwe kwenye grupu. Zitumwe kwa mweka hazina peke yake, naye azifute kazi ikiisha.

3. Ukipigiwa kwamba mtoto ni mgonjwa na pesa zinatakiwa haraka, kata simu. Mpigie kwa namba yake unayoijua.

4. Mtoto akitishwa na picha, msilipe, maana anayelipwa hurudi tena. Msifute ujumbe wa vitisho, ni ushahidi. Nendeni polisi pamoja naye.

5. Msimgombeze mpaka anyamaze. Mtoto anayeogopa nyumbani ndiye humlipa mtishaji kimya kimya.

MASWALI YA KUJADILIANA

Je, kwenye simu ya kikundi chetu kuna picha za nani, na tuliwauliza? Orodha ya wanachama na namba zao iko kwa nani? Mtoto wetu aliye chuoni akipata shida ya namna hii leo usiku, atampigia nani kati yetu bila kuogopa?